Gari la Doña na Nadhiri ya Nana Bersabe

Mpaka leo nikiona rangi ya zambarau natazama pembeni. Wenzangu wananiambia nimezidisha, gari ni gari tu na karatasi ni karatasi. Wao waseme. Siku ile walikuwepo kama nilivyokuwepo mimi, ila wao walikuwa wameinua simu.

Nitaanza na Nana Bersabe, maana habari hii ni yake, na lile gari halistahili kutajwa kwanza.

Nana Bersabe, na Nana kwetu ni heshima ya mwanamke mzee kama Tata ilivyo ya mwanamume, ni jirani yangu hapa Malubay, kando ya ziwa la Laguna, si mbali na Manila, na kazi yake ni farasi wa karatasi. Ana kalibu ya mbao aliyoichonga babu yake, farasi mnene mwenye shingo fupi. Juu ya kalibu hiyo anabandika vipande vya karatasi kwa uji wa wanga, tabaka juu ya tabaka, anaanika juani, kisha anapasua kwa kisu mgongoni na tumboni, anamvua farasi kama mtu anavyovuliwa koti, anamuunga tena kwa karatasi na kumpaka rangi nyekundu. Mimi ndiye ninayempikia wanga. Nimempikia tangu niolewe mtaa huu, na muda wote huo sikuwahi kumsikia akisifu farasi wake hata mmoja. Akimaliza humtazama kwa jicho moja, akasema, "Haya, huyu naye atakula majani," akamsogeza kando.

Hana subira na watu. Mteja akija kushika-shika bila kununua, humwambia, "Mwanangu, kutazama ni bure, lakini umenizibia jua." Magoti yake ni mabovu, akikaa chini tunamwinua wawili, na anatutukana wakati tunamwinua. Nampenda kwa hayo yote.

Sebuleni kwake anakaa Mama. Nasema Mama, maana ndivyo sote tunavyomwita: sanamu ya Mama wa Mateso, mrefu kama mtu, uso na mikono ya mbao iliyopakwa rangi nyeupe ya maziwa, gauni la mahameli jeusi, na moyo wa fedha kifuani. Ni wa ukoo wa Nana Bersabe, kama Mtakatifu Petro alivyo wa ukoo wa mwoka mikate na Magdalena wa ukoo wa mwenye duka la dawa. Ijumaa Kuu kila ukoo unamtoa wake, juu ya gari lake lenye maua na taa, na Mama anakuja wa mwisho, nyuma ya Kristo aliyelazwa. Gari la Mama alilitengeneza marehemu Tata Imo, mume wa Nana Bersabe, kutoka fremu ya jipu kuukuu. Halikuwa na injini. Lilivutwa kwa kamba. Ekseli zake alizipaka rangi ya bluu iliyokuwa imebaki alipopaka mlango.

Mtoto wao wa pekee, Luningning, alipokuwa mchanga alishikwa na degedege, na daktari alishamwambia Tata Imo akatafute mbao za jeneza. Nana Bersabe akapiga magoti mbele ya Mama akaweka nadhiri: maadamu mimi napumua, wewe hutabaki nyumbani Ijumaa Kuu. Mtoto akafumbua macho. Leo Luningning ni fundi cherehani mwenye kicheko kinachosikika mpaka sokoni. Na Mama alitoka kila mwaka. Alitoka mwaka wa tufani, maji yakiwa magotini. Alitoka mwaka ambao Tata Imo mwenyewe alikuwa bado amelazwa sebuleni na mishumaa kichwani na miguuni. Nana Bersabe alimwacha maiti na shemeji zake, akamfuata Mama, akarudi kumlilia mumewe.

Sasa nije kwenye uchafu.

Kulikuwa na tamthilia kwenye runinga kila jioni, ya mwanamke tajiri anayeitwa Doña Virtudes. Huyo Doña, yaani bibi mkubwa, alimtia mumewe sumu, akamfukuza mkwe wake na mimba yake, na kila alipokwenda kutenda uovu alikwenda kwa gari refu la zambarau lenye batamaji wa dhahabu puani. Gari hilo lilipendwa kuliko waigizaji. Watoto walilichora kwenye kuta. Nana Bersabe naye hakukosa jioni hata moja. Alibandika karatasi huku akimtukana Doña usoni. "Mwone, mwone! Na wewe utakufa na hayo meno yako!"

Basi Kapitan Teryo, mkuu wa mtaa wetu, alipotangaza kwamba sehemu za mwisho zitarekodiwa hapa kwetu, kwenye barabara ya mlimani, mji ukapandwa na wazimu. Kapitan mwenyewe alianza kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Wakaja watu wa kamera. Malori yao yalijaza uwanja wa kanisa. Jogoo wa jirani yangu aliwika wakati Doña analia, wakamtia kwenye gunia mchana kutwa. Wali waliobakiza waliumwaga kwenye mfereji, ukavimba na kuoza pale, na harufu yake tulilala nayo. Siku moja binti mmoja wao mwenye kofia alituambia tuanue nguo zetu kwenye kamba. Tukaanua. Akarudi na furushi la matambara, akayaanika yeye mwenyewe mbele ya nyumba zetu. Nikamuuliza kulikoni.

"Dada, usikasirike," akasema, "nguo zenu hazionekani maskini vya kutosha."

Wakati ule nilicheka, na majirani wakacheka. Tulikuwa tayari kuchekelea lolote.

Gari lenyewe la zambarau, lile la kweli, lilikuwa la tajiri mmoja wa Manila ambaye hakutaka hata inzi atue juu yake. Na katika sehemu ya mwisho Doña alitakiwa kukimbia polisi, gari lishike moto na kutumbukia korongoni. Kwa hiyo walihitaji nakala. Mtu wao wa mapambo, kijana mmoja laini anayeitwa Dondon Alvero, akasikia kwamba Malubay kuna watu wanaoweza kutengeneza chochote kwa karatasi. Alikuja kwa Nana Bersabe na Kapitan Teryo nyuma yake, akauchukua mkono wa mwanamke yule mzee akauweka kwenye paji la uso wake mwenyewe, kama tunavyowasalimia wazee, kwa heshima zote.

"Nana, tunataka gari."

"Mimi natengeneza farasi."

"Si ndiyo hiyo hiyo, Nana? Farasi wa zamani, gari la sasa."

"Farasi wangu hajamgonga mtu," akasema Nana Bersabe, lakini nilimwona macho yanamng'aa. Gari la Doña! Angelibandika kwa mikono yake, kisha angeliona likiungua na shetani wake ndani. Kwa mtu aliyemtukana Doña jioni zote zile, kazi gani tamu kama hiyo?

Walitaka mawili. Moja zuri, la kuonekana karibu, Doña akiwa amekaa ndani. La pili ganda tu juu ya fito za mianzi na vigurudumu vya mbao, la kuchomwa. Wachongaji wa mtaa wakatengeneza kalibu kubwa ya mbao, nikapika wanga kwenye mapipa, na wanawake kumi na kitu tukabandika karatasi mpaka vidole vikachubuka. Batamaji Nana Bersabe hakumwachia mtu. Alichonga kalibu yake kwa mti wa fenesi, akabandika wawili, mmoja kwa kila gari, akawapaka dhahabu, akamshika wa pili mbali akamtazama kwa macho yote mawili.

"Huyu kidogo ana shingo," akasema.

Nikaacha kukoroga. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza niliyowahi kuisikia kinywani mwake, naye akampa ndege wa Doña Virtudes.

Lile gari zuri lilihitaji magurudumu ya kweli. Dondon alikuwa amekaa kibarazani anakunywa kahawa yetu, jicho lake likateleza mpaka chini ya nyumba, katikati ya nguzo zake, kwenye turubai.

"Nana, ile pale ni nini?"

"Ile si yako."

Alishainuka. Alifunua turubai, akaona fremu ya jipu, matairi mazuri, usukani. Akapiga makofi. "Kipimo chake hasa! Nana, tunaazima tu. Siku chache."

"Hilo ni gari la Mama. Halibebi mtu mwingine."

Kapitan Teryo akaingilia. Huyu bwana akitaka kitu sauti yake inakuwa ya asali, ukimsikia unatamani kunawa. "Nana Bersabe, kwani Mama atakasirika? Mji wake unaonekana nchi nzima! Halafu hilo si la kuchomwa. La kuchomwa ni lile la mianzi. Hili litatembea polepole tu, kama siku ya maandamano. Jumapili ya Matawi litakuwa hapa chini ya nyumba, limeoshwa. Naapa kwa jina la mama yangu."

"Mama yako ungemwacha apumzike," akasema Nana Bersabe.

Lakini mji mzima ulikuwa umesimama uani unasubiri jibu lake. Mwoka mikate alikuwepo, mwenye duka la dawa alikuwepo, na wote walikuwa wanamtazama kana kwamba ameshika ufunguo wa lango la mbinguni na hataki kufungua. Wangesema ni yeye aliyeharibu. Akatoa kamba za Mama, akatoa vinara na jukwaa la juu, akaviweka sebuleni. Fito za kumbebea Mama mabegani zilikuwa zimefungwa kwa boliti kwenye fremu, zikabaki huko. "Matawi," akamwambia Kapitan. "Ukichelewa nakukalia kooni."

Siku ya kuchoma tulipanda wote mlimani. Walitupanga nyuma ya kamba, wakatuambia tunyamaze kwa sababu wanachukua na sauti. Gari likasukumwa kutoka juu ya mteremko, wakaliwasha nyuma. Likaja linateremka, zambarau lote, batamaji mbele, moto nyuma, na lazima niseme lilipendeza. Watu walijiziba midomo wasishangilie. Lilipofika kwenye kona liliinama upande, tukaona tumbo lake.

Ekseli zilikuwa za bluu.

Nana Bersabe alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yangu. "Hayo magurudumu ni ya Mama," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeonyesha nyumba ya jirani.

"Nani huyo?" mwongozaji akapayuka kutoka kitini kwake. "Nani anaongea? Mtoeni huyo bibi!"

Gari likatumbukia. Chini kulikuwa na mawe, kisha ziwa. Wakatuamuru tushangilie, na watu wakashangilia. Ndiyo, walishangilia. Wengi hawakuwa wamesikia alichosema, wengine walisikia.

Dondon alipotafutwa alikuja akifuta jasho, wala hakuficha. "Nana, lile la mianzi lilikataa kwenda moja kwa moja. Tumelijaribu, linapinda tu. Hili lako lilikuwa linateremka vizuri mno! Direkta akasema chukueni hili. Na jua lilikuwa linazama."

"Ulisema halitachomwa."

"Nana, lakini umeona lilivyotoka? Safi sana!" Mtu anakuambia hivyo usoni, uso mkavu, na anangoja umshukuru. Kapitan Teryo alikuwa pembeni anatazama milima. Kesho yake malori yakaondoka, wakatuachia takataka, wali uliooza, na lile gari la mianzi. Kapitan alikuwa ameliomba kwao liwe kumbukumbu ya mji.

Wiki nzima ya kuamkia Matawi Nana Bersabe alikuwa anatafuta gari. Kila ukoo ulikuwa na lake, na kila gari lilikuwa na mtakatifu wake. Wachongaji walisema muda hautoshi. Lori la samaki alilikataa mwenyewe kwa sababu ya harufu. Nikamwambia, maadamu fito za kubebea ziliungua, tumbebe mikononi. Chini ya lile mahameli Mama hana mwili, ni uso na mikono juu ya fremu ya fito, wanawake watatu wanamudu.

"Mikononi?" akanigeukia. "Chayong, Mama anakwenda kumzika mwanawe, wewe unataka nimbebe kama kabati linalohamishwa nyumba? Watu wamtazame kwa chini? Yeye hukaa juu."

Nikarudi kwenye wanga wangu. 

Ndipo Kapitan akaja na wazo lake. Lile gari la mianzi ameshalitia magurudumu ya mkokoteni wa soko, sasa linakwenda sawa. Juu yake kunaweza kufungwa jukwaa la Mama. "Na zambarau, Nana, si ndiyo rangi ya Kwaresima? Utadhani ilipangwa."

Nilidhani atampiga na ndoo ya wanga. Nana Bersabe alisugua magoti. Najua alichokuwa anafikiri, maana sote tulikuwa tunakifikiri: nadhiri ni kwamba Mama asibaki nyumbani. Haikusema atoke juu ya nini. Mwisho akamwambia, "Nitalifunika. Lote. Zambarau hata ukucha usionekane. Na batamaji mtoe."

"Nimetoa, Nana. Naapa."

"Usiape. Nenda tu."

Luningning alishona kitambaa cheusi usiku na mchana. Ijumaa Kuu tulikula viazi na ndizi kwenye tui la nazi, tukanawa, tukaenda kulifunika lile gari. Lilikuwa linanata. Kapitan alikuwa amelipaka rangi upya jana yake, na hewa ilikuwa nzito, haikukauka. Nilimuuliza rangi ya nini kwenye gari linalofunikwa, akasema ni kulinda karatasi na unyevu. Tukalifunika mpaka chini, tukapanga yasmini pembeni, tukampandisha Mama juu na kumfunga. Alipendeza. Usingejua kilicho chini yake. Padre Celso alikuja akalitazama, akapumua kwa nguvu, akanyunyiza maji ya baraka akaondoka haraka.

Tukaanza vizuri. Petro akatangulia na jogoo wake, Magdalena, kisha Kristo amelazwa, bendi inapiga polepole, halafu sisi na Mama. Nana Bersabe alitembea nyuma ya gari na fimbo yake, pekupeku, kama kila mwaka.

Tulipokata kona ya soko nikaona umati nisioutambua. Watu wa miji mingine, vijana wenye fulana zilizochorwa gari la zambarau. Kumbe Kapitan alikuwa amewatangazia kwenye simu zao: njooni Malubay, gari la Doña litapita. Naye alikuwa pale pale, na suti nyeupe, na mfuko wa plastiki mkononi. Aliinua mkono, vijana wake wawili wakashika kitambaa cha Luningning kila mmoja upande wake, wakavuta.

Sikuamini macho yangu. Kilipasuka kwenye yasmini kikaanguka barabarani, watu wakakikanyaga. Kapitan akatoa batamaji mfukoni, akampachika puani mwa gari, akarudi nyuma akapiga makofi.

"Doña! Doña! Doña!"

Walipiga kelele hivyo Ijumaa Kuu, mbele ya Mama wa Mateso. Wengine walipiga filimbi. Na si wageni peke yao; niliona watu wa mtaa wangu, niliona wanawake niliobandika nao karatasi. Bendi ikageuka kutazama, na yule wa tarumbeta, Mungu amsamehe maana mimi bado, akaanza kupiga wimbo wa tamthilia. Wenzake wakamfuata. Msichana mmoja akajilaza juu ya boneti akiangalia kamera. Mikono ilikuwa inapapasa kila mahali, na juu ya vichwa vyao Mama alikuwa anatikisika kwenye kamba zake, hakuna aliyemtazama hata mmoja.

Nana Bersabe alijipenyeza mpaka mbele. Kijana mwenye simu akamgusa bega, kwa adabu kabisa.

"Bibi, samahani, sogea kidogo. Unaziba batamaji."

Akamtazama yule kijana. Akamtazama batamaji wake mwenye shingo. Kisha akaniambia, "Chayong, niinue."

"Wapi, Nana?"

"Juu. Niinue nimfungue."

"Magoti yako, Nana!"

"Magoti yangu yana kazi gani nyingine leo? Niinue!"

Mimi na Luningning tukamsukuma kwa nyuma. Akapanda, goti moja likatoboa paa la karatasi likazama, akalitoa, akashika nguzo ya jukwaa, akaanza kufungua vifundo. Watu wakazomea wakadhani analiharibu gari makusudi. Mmoja akapiga kelele, "Bibi kichaa, shuka!" Na Kapitan anacheka-cheka akiwatuliza wageni wake, "Ni mambo ya kanisa, ni mambo ya kanisa, dakika moja tu." Mama akateremka mikononi mwetu akisugua boneti. Nana Bersabe akateremka kwa makalio, mkono mmoja kwenye shingo ya batamaji, gauni lote zambarau.

"Nana, ulisema si kabati," nikamwambia. Nilikuwa nalia, sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Funga mdomo, shika mguuni."

Luningning akashika kiuno, mimi chini, Nana Bersabe akaweka bega lake chini ya mkono wa Mama. Tukatoka hivyo. Petro na Magdalena walikuwa wameshafika mbali, na nyuma yetu nilidhani watu watafuata. Niligeuka kuangalia. Alikuja mwanamke mmoja muuza mboga, na mumewe asiyesikia, na mbwa. Wengine walibaki na gari. Wimbo wa Doña ulitufuata mpaka kwenye daraja.

Luningning hakucheka siku ile. Kwenye ngazi za kanisa akamwambia mama yake, "Mama, ni mimi niliyefumbua macho. Sasa nipe nimbebe mimi, wewe pumzika."

"Nitapumzika nikifa," akasema Nana Bersabe. Lakini alimwachia. Luningning akamkumbatia Mama peke yake akapanda naye ngazi zote, na Padre Celso akafungua mlango wa pili ili wapite bila kuinamisha kichwa cha Mama.

Ndani, kwenye mwanga wa mishumaa, tukaona mikono ya Mama. Ile mikono ya maziwa ilikuwa zambarau kuanzia vidoleni mpaka kwenye kifundo, na doa jingine shavuni. Luningning akalowesha ncha ya leso kwa mate.

"Acha," akasema mama yake.

"Mama, bado haijakauka, inatoka sasa hivi."

"Nimesema acha."

Jumamosi asubuhi Kapitan Teryo akaja. Mama alishakuwa mahali pake sebuleni, Nana Bersabe amekaa na farasi mapajani, miguu kwenye beseni la maji ya moto, mimi nakoroga wanga. Nilipomwona mlangoni nikasema moyoni, afadhali, hata yeye ana haya, amekuja kuomba radhi. Alivua miwani. Akaona mikono ya Mama, akashtuka kidogo.

"Ah, Nana, hiyo rangi mafuta ya taa kidogo tu yanaitoa. Nitamtuma mtu aje afute."

"Hatafuta mtu. Mwaka kesho atatoka hivyo hivyo, mikononi mwetu, na mji mzima utamwona. Wewe utatembea mbele yake."

"Sawa, Nana. Sawa kabisa." Akakuna kichwa, akaangalia chini ya meza, akaangalia nyuma ya mlango. Kisha, pale pale, amempa Mama mgongo, akasema, "Nana, samahani, kuna wageni wanasubiri uwanjani. Yule batamaji tangu jana haonekani. Hamjamwona?"

Nilitazama moto chini ya wanga, kipande cha dhahabu kilikuwa bado kinaungua pembeni. Nana Bersabe alichovya karatasi kwenye wanga, akaibandika kwenye shingo ya farasi, akailaza kwa kidole gumba mpaka ikakaa.

"Umenizibia jua," akamwambia.